Pikapu Zilizolala Chini

Ukitaja pikapu hapa kwetu, picha inayokuja ni magunia ya mkaa na springi zilizoongezwa vyuma ili nyuma isikae chini. Nimekulia kwenye magari hayo. Ndiyo maana nilipokutana na habari za vijana wa California waliokuwa wakizishusha pikapu hizohizo makusudi, mpaka tumbo linakaribia kugusa lami, nilitaka kujua: kulikoni?

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1964 Marekani iliweka ushuru wa asilimia 25 kwa malori madogo kutoka nje, kisa ugomvi wa biashara ya kuku na Ulaya. Makampuni nayo si mchezo: yakaleta chesi na kabini tu kwa ushuru wa asilimia 4, bodi ya nyuma ikafungwa hukohuko. Ujanja huo ulizibwa mwaka 1980, lakini Datsun 620, Toyota Hilux na Chevrolet LUV iliyoundwa na Isuzu zilikuwa zimeshajaa mitaani. Zilikuwa ndogo, nyepesi, na bei yake kijana wa kibarua aliiweza.

Ladha ya kushusha gari ilikuwepo tayari kwa Wamarekani wenye asili ya Mexico. Sheria ya California ya mwaka 1958 ilikataza bodi kuwa chini ya ukingo wa rimu. Mwaka 1959 Ron Aguirre akaijibu kwa kufunga haidroli kwenye Corvette yake: barabarani anaipandisha, akisimama anaishusha. Basi, miaka ya 1970 ikielekea ukingoni, vijana wa pikapu wakaichukua ladha hiyo.

Kazi yenyewe ilifanyika uani. Kwa Datsun, mbele unalegeza pau za msokoto. Nyuma unapachika kipande cha chuma kati ya springi na ekseli. Ekseli ikigonga chesi, unaikata chesi kwa umbo la herufi C kisha unachomelea upya. Miaka ya 1980 ikaleta vioja, we acha tu: bodi ya nyuma inainuka, inajipinda, inacheza kwa haidroli mbele ya watu! Gari la kubebea mizigo likakataa kuwa punda.

Halafu mambo yakapanda bei. Miaka ya 1990 ilishamirisha mifuko ya hewa badala ya springi, sakafu zikakatwa ili bodi ishuke zaidi, na kazi ikahama uani ikaenda kwa mafundi wa kulipwa. Pikapu zenyewe zikanenepa. Ford Ranger ndogo ilikoma kuundwa Marekani mwaka 2011. Iliporudi mwaka 2019 ilikuwa jitu. Gazeti lao, Mini Truckin', likaacha kuchapishwa mwaka 2014.

Wazee wa mchezo ule huzililia siku hizo, na mimi nawaelewa. Naona hawalilii chuma. Wanalilia kitu cha bei ndogo ambacho kijana aliweza kukikata bila kuogopa, akikosea akakata tena. Sanaa huanzia hapo, vijana wenzangu. Mshairi chipukizi ana daftari la bei poa la kufutafuta. Fundi chipukizi wa California alikuwa na Datsun iliyochakaa. Daftari likiuzwa bei ya dhahabu, nani atathubutu kuandika mstari wa kwanza mbovu?