Fahamu madini mwilini: Maji, magadi na meno ya kahawia Mbulu na Hanang

Kijana mwenye meno ya kahawia akifika Dar es Salaam, swali la kwanza huwa: "Wewe ni wa Arusha?" Mara nyingi jibu ni Mbulu, Katesh, Babati au Singida. Wengi hucheka wakiwa wameziba mdomo kwa mkono.

Meno hayo si uchafu, na mswaki hauyasafishi. Ni alama ya madini ya floraidi yaliyoingia mwilini mtoto akiwa mdogo, kabla hata meno hayo hayajaota.

Mwili wa binadamu hauwezi kutengeneza madini. Yote tunayapata kwenye chakula na maji, na hivyo navyo huyapata kwenye udongo na mwamba. Ndiyo maana Nambis na vijiji vingine vya Mbulu na Hanang ni mahali pazuri pa kuelezea jambo hili. Hapa kuna madini yanayoweza kuzidi na mengine yanayoweza kukosekana, na yote yanakutana kwenye sufuria moja ya makande.

Floraidi inatoka wapi?

Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, ni volkano, na eneo hili limepitiwa na Bonde la Ufa. Maji yanapopita kwenye miamba ya volkano huokota floraidi. Kiasi hutofautiana sana: kisima kimoja kinaweza kuwa salama, cha jirani kikawa na floraidi nyingi. Kwa macho au kwa ulimi huwezi kutambua.

Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4, kwa sababu maeneo mengine hayakuwa na maji mbadala, kabla ya kushusha kiwango hadi 1.5.

Floraidi kidogo huimarisha meno. Ikizidi, gamba la nje la jino hujengeka vibaya. Huanza madoa meupe kama chokaa, halafu njano, halafu kahawia, na jino likiathirika sana huchimbika. Mtu akitumia maji yenye floraidi nyingi mno kwa miaka mingi, hata mifupa huathirika: viungo hukakamaa, mgongo huuma.

Sasa hapa ndipo wazazi wengi wanachelewa. Meno ya utu uzima hujengwa ndani ya fizi tangu mtoto anapozaliwa hadi karibu miaka 8, na kwa meno ya mbele ile miaka 3 au 4 ya mwanzo ndiyo yenye uzito zaidi. Ukiona doa mtoto ana miaka 7, kilichosababisha kilipita zamani.

Na kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Kunaua vijidudu, ambayo ni kazi muhimu, lakini maji yakipungua kwa mvuke floraidi inabaki palepale na kuwa nzito zaidi.

Magadi nayo

Maharage magumu yanahitaji kuni nyingi, kwa hiyo kutia magadi si ujinga wa mtu, ni hesabu ya kuni. Shida ni kwamba magadi mengi ya ukanda wa kaskazini yana floraidi ndani yake, na mengine yanayo nyingi. Familia inaweza kuwa na maji mazuri kabisa na watoto wakapata madoa kupitia makande.

Njia ya kukwepa ni ya kizamani tu: loweka maharage na mahindi usiku kucha, mwaga maji yale, pika na maji mapya. Yanaiva haraka, na kuna faida nyingine. Nafaka na maharage vina kitu kinachoitwa faiteti, ambacho hushika madini ya chuma na zinki yasiingie mwilini. Kulowekwa na kuchachushwa hukipunguza, ndiyo maana togwa na uji wa kuchachusha vina nafasi yake kwa watoto.

Jambo jingine: magadi si chumvi. Hayana nafasi ya chumvi yenye madini joto.

Madini joto, yaani ayodini

Milimani mvua huosha ayodini kwenye udongo kwa maelfu ya miaka, hivyo mazao ya huko huwa nayo kidogo. Tezi ya shingoni ikikosa madini hayo huvimba, likawa rovu. Rovu linaonekana, lakini hasara kubwa haionekani: mama mjamzito akikosa ayodini, ubongo wa mtoto tumboni haukui inavyotakiwa.

Tanzania iliweka sheria ya chumvi kutiwa madini joto katika miaka ya 1990. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, na mjamzito 250. Usiongeze chumvi ukidhani unaongeza afya. Kijiko kimoja cha chai kwa siku ndiyo mwisho. Ifunike vizuri, itie chakula kikikaribia kuiva, na usiianike juani. Ile ya mawe ya kulambisha ng'ombe iache ng'ombe wailambe.

Damu

Madini ya chuma ndiyo yanayobeba hewa kwenye damu. Yapo kwenye nyama, maini, dagaa, maharage na mboga za majani. Ya kwenye mboga huingia kwa shida, ila ukila na limau, chungwa au nyanya mbichi yanaingia vizuri zaidi. Chai ya rangi au ya maziwa pamoja na mlo huyazuia, kwa hiyo isubiri saa moja hivi. Hilo linahusu pia vidonge vya kuongeza damu vya kliniki. Choo kuwa cheusi ukivimeza ni kawaida, na wengi huviacha kwa hofu hiyo. Kula udongo wakati wa ujauzito nako kunazuia chuma.

Kalsiamu ya mifupa hapa haina shida sana kwa wenye ng'ombe: glasi moja ya maziwa ina karibu miligramu 300, wakati mtu mzima anahitaji 1,000 hivi.

Ufanye nini kuhusu maji?

Nenda ofisi ya RUWASA ya wilaya au kwa kamati ya maji ya kijiji, uliza kipimo cha floraidi cha kisima chenu. Kikizidi, maji ya mvua hayana floraidi ya kutisha. Kama tenki ni dogo, yaliyomo yawe ya kunywa na ya uji wa watoto wadogo, ya kisima yafue na kuoshea. Kuna pia chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, linalofanyiwa kazi kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha. Lina uwezo wa kushika floraidi, lakini mkaa huchoka na lazima ubadilishwe, la sivyo unachuja maji bure.