Mto Msimbazi na Mpaka wa Maji

Leo twataka kueleza habari za Mto Msimbazi, upitao katikati ya mji wa Dar es Salaam, na jinsi watu walivyojaribu kuuwekea mpaka. Mto huu si mkubwa. Huanzia katika vilima vya Pugu na Kisarawe, na mwendo wake mpaka baharini, penye Daraja la Selander, haufiki kilomita 40. Mtu auonaye wakati wa kiangazi aweza kuudharau, kwa kuwa mahali pengi ni kijito cha kuvukwa kwa miguu. Lakini kila mto una njia mbili. Njia ya kwanza ni hiyo ya kiangazi; ya pili ni bonde pana ambalo maji hulijaza wakati wa mvua kubwa. Hii ya pili ndiyo tuiitayo uwanda wa mafuriko, nayo ni ya mto hata ikiwa miaka kumi imepita pasipo maji kufika.

Wazee waliijua njia hii pasipo karatasi. Watu wa Rufiji, mathalani, walilima mpunga katika uwanda wa mto wao, na maji yakiisha kupungua walipanda mahindi katika tope lenye unyevu, kilimo waitacho mlau. Na wakati wa kulinda mazao walikaa katika madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo. Dar es Salaam nako majina ya mahali yamehifadhi habari. Kuna Jangwani, ndilo jina la mahali patupu. Kuna Tabata Kisiwani. Na kule Msasani kuna Bonde la Mpunga. Asikiaye jina kama hilo hana haja ya kuuliza maji hupita wapi.

Basi, kwa nini watu walijenga? Sababu ni Kariakoo. Kibarua akaaye Kigogo au Mchikichini aweza kwenda sokoni kwa miguu, na nauli yake ikabaki mfukoni. Mwaka 1979 ramani kuu ya mji ililitaja bonde la Msimbazi kuwa ardhi ya hatari, isiyofaa kwa makazi. Ramani ile ilisema kweli, lakini ilikaa ofisini. Mnunuzi wa kiwanja hakuonyeshwa. Yeye aliandikiwa karatasi ya mauziano mbele ya mashahidi, akajenga, kisha akavutiwa umeme. Angejuaje ya kuwa amelala katika njia ya mto? Sisi hatuoni haki kumlaumu peke yake, maana hata kituo kikuu cha mabasi ya mwendo kasi, kilichoanza kazi mwaka 2016, kilijengwa pale pale Jangwani, na maji yakakiingia mara nyingi.

Desemba 2011 mto ulichukua njia yake ya pili. Watu zaidi ya 40 walikufa mjini, na maelfu wakaachwa bila makao. Serikali iliwapa wengi viwanja Mabwepande, mbali upande wa kaskazini. Hapo ni pa juu na pakavu, ila soko na kazi zilikuwa mbali, na baadhi yao walirudi bondeni. Desemba 2015 nyumba nyingi zilitiwa alama ya X kwa rangi nyekundu, zikabomolewa.

Kipimo kilichotumika kilitoka katika Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, ikatazayo ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni kipimo chepesi kukumbuka, lakini maji hayajui mita 60. Mahali ambapo kingo ni za juu, nyumba iliyo karibu yaweza kusalimika. Jangwani, ambako nchi ni tambarare, maji hupita mbali zaidi ya hapo. Tena mto hubadilika. Mchanga uletwao kutoka vilimani huinua sakafu yake, taka huziba madaraja, na kila paa la bati na barabara ya lami huyaharakisha maji kushuka bondeni. Kwa hiyo ramani ya mwaka 1979, hata ingalitiiwa, ingalihitaji kuchorwa upya.

Kazi hiyo ilianza mwaka 2015 kwa jina la Ramani Huria. Wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wenyeji walipita mtaa kwa mtaa wakiandika mifereji, vichochoro na nyumba. Waliwauliza wakazi: maji yalifika wapi? Mtu aliweza kuonyesha kwa mkono wake kiunoni au kifuani, na jibu lake likatiwa katika ramani. Na ramani hizo hazikufungiwa. Kila mtu aweza kuzitazama.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilikubali kukopesha dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi. Mpango huo ulitaja kuchimba na kupanua njia ya mto, kuinua daraja la Jangwani, kukihamisha kile kituo cha mabasi, na kufanya bustani kubwa mahali pa makazi. Ulitaja pia kuwalipa fidia wakazi watakaoondoka. Wengi wao walikuwa na ile karatasi ya mauziano tu, isiyo hati ya ardhi, na neno la kwanza walilouliza ni kama udongo ulio chini ya nyumba nao utalipwa.