Kizidisho cha 1.2: fomula iliyowachelewesha wagonjwa wa figo

Ukipimwa damu leo, maabara inajuaje figo zako zinafanya kazi kwa kiwango gani? Kupima uchujaji wenyewe ni ghali na kunachukua saa kadhaa. Kwa hiyo wanapima kreatinini, taka inayotoka kwenye misuli, halafu kompyuta inaiingiza kwenye fomula pamoja na umri na jinsia yako. Jibu unalopewa ni makadirio tu.

Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walitoa fomula iitwayo MDRD. Katika data zao, washiriki weusi walikuwa na kreatinini nyingi zaidi hata pale figo zilipochuja sawa na za wengine. Maelezo? Eti watu weusi kwa wastani wana misuli mingi zaidi. Basi wakaweka kizidisho: mgonjwa akiwa mweusi, zidisha jibu kwa takriban 1.2. Fomula iliyofuata, CKD-EPI ya 2009, ikabaki na 1.159.

Namba ndogo, sivyo? Sasa piga hesabu. Kule Marekani, mtu mzima ambaye hajaanza dialisisi huanza kuhesabiwa muda wa kusubiri figo ya kupandikizwa makadirio yake yakishuka hadi 20. Mwenye 18 anaingia kwenye foleni. Mwenye damu, umri na jinsia vilevile, ila mweusi, anapata 18 × 1.159, yaani karibu 21. Huyo bado hajahesabiwa, na foleni inasonga. Na mwenye mzazi mmoja mweusi na mwingine mzungu awekwe wapi? Fomula haikuwa na jibu.

Mwaka 2021 jopo la wataalamu wa figo wa Marekani lilipendekeza fomula mpya isiyouliza rangi. Mwaka 2022 mtandao wa upandikizaji ukapiga marufuku kizidisho, na Januari 2023 hospitali zikaagizwa kuwarudishia wagonjwa muda walioupoteza. Kufikia Machi 2024, zaidi ya wagonjwa 14,000 walikuwa wamerudishiwa, kwa wastani wa miaka miwili kila mmoja.

Huku kwetu je? Utafiti uliofanyika Malawi, Uganda na Afrika Kusini, uliochapishwa 2022, ulionyesha kuwa fomula za kreatinini huzionyesha figo kuwa nzima kuliko zilivyo. Yaani ugonjwa unapita bila kuonekana.

Hapa ndipo sheria inapobanwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, kifungu cha 35, inakupa haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake. Ni kinga nzuri. Lakini angalia: kizidisho hakikuwahi kuamua peke yake. Daktari alikuwepo, akasoma namba, akaiamini, akasaini. Kwa zaidi ya miaka ishirini binadamu alikuwa katikati, na kosa likapita mbele ya macho yake.

Kwa hiyo tukiletewa programu mpya za kutabiri kisukari au presha, kuuliza kama kuna daktari anayesimamia hakutoshi. Uliza pia: fomula hii ilijaribiwa kwa nani, na ikikosea, nani atanirudishia muda wangu?