Mikono ya Mapambo: Krismasi, Ushanga na Nyumba ya Kupanga Kitengela na Kajiado

Desemba ikiingia, maduka ya Kitengela yanayopakana na barabara ya Namanga hufunikwa kwa riboni za rangi ya fedha, maputo na miti ya plastiki. Wiki hizo hizo husikika malalamiko mawili. La kwanza hutoka mimbarini: baadhi ya wahubiri hufungua Yeremia sura ya 10, panapotajwa mti unaokatwa msituni na kupambwa kwa fedha na dhahabu, wakawaonya waumini wasije wakaangukia ibada ya sanamu. La pili hutoka kwetu sisi tunaosoma utamaduni. Tunauliza pamba iliyotawanywa juu ya tawi ili ifanane na theluji ina maana gani katika Kaunti ya Kajiado, ambayo wenyeji wake huiona theluji kwa mbali tu, juu ya Kilimanjaro, asubuhi isiyo na mawingu kule Oloitoktok.

Mhubiri na msomi hawakubaliani katika mengi, ila hapa wanauliza swali moja: kitu hiki kimetoka wapi? Nashikilia kwamba swali hilo halitufikishi mbali. Asili ya pambo haisemi kama pambo hilo ni mila ya familia au la. Kinachosema ni kazi: nani hulitengeneza au hulitundika, akiwa na nani, alifundishwa na nani, na ni nani anayemtazama ili kesho alifanye yeye. Hoja hii yafaa kupimwa Kajiado kuliko kwingine, kwa kuwa pambo linaloitambulisha kaunti hiyo duniani, ushanga wa Kimaasai, nalo lilitoka Ulaya.

Kabla ushanga wa kioo haujafika kwa wingi, Wamaasai walijipamba kwa chuma, shaba, mbegu, mifupa na ngozi. Misafara ya pwani ndiyo iliyoingiza kioo bara katika karne ya 19. Msafiri Joseph Thomson, aliyekatiza nchi ya Wamaasai mwaka 1883 na 1884, alibebesha wapagazi wake shehena za ushanga na nyaya za kulipia hongo, yaani ushuru wa kupita, na kila kiongozi wa msafara wa zama zile alijua kwamba rangi isiyopendwa mahali fulani haikununua hata mbuzi. Mwenye kuchagua alikuwa mnunuzi. Ushanga wenyewe ulitoka Venice, na baadaye kwa wingi zaidi Bohemia, katika Jamhuri ya Cheki ya leo, hasa viungani mwa mji wa Jablonec. Wanawake wa Kimaasai waliupokea wakautungia sheria zao: rangi ipi ikae kando ya ipi, mkufu upi ni wa binti na upi ni wa aliyeolewa, lini mchoro wa zamani uachwe na lini mpya uruhusiwe. Haikuchukua vizazi vingi kabla ya kioo cha Bohemia kuwa Kimaasai kabisa. Ukimwambia mama aliyeketi sokoni Kajiado kwamba shingoni amevaa kitu cha kigeni, atakushangaa, na ana haki ya kushangaa.

Kuna jambo jingine ambalo wachambuzi wetu hawalitaji. Kaskazini mwa Bohemia kulikotoka ushanga ndiko pia kunakotengenezwa mapambo mashuhuri ya mti wa Krismasi. Katika kijiji cha Poniklá mafundi hupuliza shanga nyembamba za kioo, huzitia rangi ya fedha ndani, kisha huzitunga kwenye waya hadi ziwe nyota na vimondo. Mwaka 2020 UNESCO iliiingiza kazi hiyo katika orodha ya turathi za binadamu zisizoshikika. Kwa hiyo nyota inayoning'inia kwenye mti na mkufu wa shingoni zina malighafi ya aina moja na karibu ufundi mmoja, yaani shanga, uzi au waya, na subira. Tunaikubali ya pili kuwa mila yetu na tunaikataa ya kwanza kwa sababu ya pasipoti yake. Lakini tofauti iliyopo kati ya hizo mbili ni muda, na ni mikono iliyozishughulikia.

Mikono hiyo inatupeleka nje ya Kajiado kidogo, maana wakazi wengi wa Kitengela walizaliwa kwingine. Kisii, Kakamega, Bungoma au Siaya, mahali ambapo nyumba ya udongo bado ipo, maandalizi ya Krismasi huanza na ukuta. Wanawake huchota udongo mtoni au kichuguuni, wakauchanganya na kinyesi cha ng'ombe na majivu. Tabaka la kwanza huziba nyufa za mwaka mzima. La pili hulainishwa kwa kiganja, kwa mzunguko ule ule wa mkono kutoka kona hadi kona, na atakayekatiza katikati ataacha alama inayoonekana hadi mwaka mwingine. Kisha huja rangi: udongo mweupe juu, mwekundu au mweusi chini, na penye kukutana kwa rangi hizo mbili vidole huchora mawimbi au pembetatu. Watoto hupewa sehemu ya chini, karibu na ardhi, mahali ambapo mkono usiozoea hauharibu sana. Kila mwaka hupanda kidogo. Binti aliyefikishwa kwenye usawa wa dirisha anajua kwamba ameaminiwa.

Umaasaini nako nyumba ni kazi ya mwanamke tangu fito ya kwanza. Ndiye anayekata fito za leleshwa, anayezipinda na kuzisuka, anayekandika kwa kinyesi cha ng'ombe, na mvua ikipasua paa ndiye anayepanda kuziba. Ndani ya nyumba kuna kibuyu cha maziwa. Husuguliwa kwa kijinga cha oloirien, yaani mzeituni wa mwitu, hadi masizi yake yaushike ukuta wa ndani na kuyapa maziwa harufu. Nje huvishwa ngozi, ushanga na kauri. Sherehe yoyote inayokuja, iwe ya rika au ya kanisa, huikuta kazi hii ikiendelea. Krismasi ilipofika na wamishonari haikuwakuta watu wasiojua kupamba nyumba. Ilipata desturi iliyokomaa na ikajiegemeza hapo.

Nini basi kilichobadilika? Ardhi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Wawakilishi wa Vikundi ya mwaka 1968, sehemu kubwa ya Kajiado iligawanywa kuwa ranchi za vikundi, na ranchi ya Kitengela ikakatwa vipande vya watu binafsi mwaka 1988. Mwaka 1990 ikaja sheria iliyoanzisha viwanda vya EPZ, yaani vya kuuza bidhaa nje ya nchi, na vingi vikajengwa jirani, Athi River. Vibarua walihitaji pa kulala, na wenye vipande vya ardhi walihitaji fedha. Mji wenye watu takriban 58,000 katika sensa ya 2009 ulihesabiwa kuwa na zaidi ya 150,000 mwaka 2019. Wengi wao ni wapangaji.

Nyumba ya kupanga ina sharti lake, na ni hapa ndipo naona wachambuzi wanakosea kabisa. Ukuta ni wa mwenye ploti. Msumari hauruhusiwi, au unaruhusiwa kwa manung'uniko, na rangi ikichubuka amana hukatwa siku ya kuhama. Mama aliyefundishwa kukandika hana pa kukandika. Anachoweza kufanya ni kile kinachobandikwa kwa selotepu na kubanduliwa Januari: uzi kutoka fimbo ya pazia hadi kwenye kabati, mnyororo wa karatasi za rangi uliogundishwa na watoto kwa uji wa ngano, riboni, maputo mawili juu ya mlango. Vitambaa vya kochi hufuliwa vyote siku moja na kupigwa pasi. Picha za ukoo hushushwa, hupanguswa na kurudishwa kwa mpangilio ule ule, wazee juu. Zamani kulikuwa na kamba ya kadi za Krismasi zilizotumwa kwa posta. Simu zimeimaliza, na binafsi naisikitikia, kwa kuwa ilikuwa orodha ya jamaa ambayo mtoto aliisoma kila alipoinua macho. Na mtoto, hapa pia, huanzia chini. Matawi ya chini ya mti ni yake.

Anayeitazama riboni ile akaona kasumba tu ameacha kuitazama kazi. Mimi naona ukandikaji uliopoteza ukuta ukatafuta pa kukaa. Mpangilio wa majukumu umebaki, msimu umebaki, na amri ya mama mkubwa kwamba usafi uishe kabla ya pambo la kwanza kutundikwa imebaki pia.

Wapo watakaojibu kwamba nyumbani ni ushago na kwamba nyumba ya kupanga haistahili juhudi hizo. Jibu hili lina uzito kwa aliyekulia ushago. Lakini nauli za Desemba hupanda, zikazidi uwezo wa familia ya watoto wanne, na watoto wenyewe wamezaliwa Kitengela, wakasomea Kitengela, na lugha ya babu wanaisikia kwenye simu. Kuwanyima Krismasi ya nyumba wanamoishi, eti kwa sababu si nyumba ya ukoo, ni kuwanyima kumbukumbu pekee ya nyumbani watakayokuwa nayo.

Kuhusu upya wa mambo haya, mkusanyiko wa wanahistoria Eric Hobsbawm na Terence Ranger wa mwaka 1983 juu ya mila zilizobuniwa ulitufundisha kutilia shaka kila kinachodaiwa kuwa cha kale. Ni fundisho zuri, lakini hapa Kenya tumelitumia upande mmoja. Waingereza wenyewe waliupokea mti wa Krismasi kutoka Ujerumani, na ulienea kwao hasa baada ya gazeti la Illustrated London News kuchapisha mwaka 1848 picha ya Malkia Victoria na mumewe Albert wakiwa na watoto wao kando ya mti. Hata msaiprasi tunaokata matawi yake, ule unaoletwa Kitengela kutoka nyanda za juu zenye mvua, asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Upya haujawahi kuizuia familia kukifanya kitu kuwa chake.

Pingamizi ninaloliogopa ni jingine: biashara. Mti unaouzwa taa zake zikiwa zimeshafungwa humaliza kazi kabla ya familia kukutana. Hakuna cha kumfundisha mtoto, hakuna kosa la kurekebishwa, hakuna shangazi wa kulalamika kwamba nyota imekaa upande. Ni pambo, sikatai, na linapendeza. Lakini kipimo changu kinalikataa kwa sababu ile ile iliyonifanya niikubali karatasi ya uji wa ngano. Tena riboni za plastiki zina madhara yasiyohitaji nadharia. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017 haikuzigusa, na Januari upepo huzipeleka hadi kwenye nyua za waya katika nyanda zile ambazo nyumbu na pundamilia wa Mbuga ya Nairobi walizoea kupita, ambako ng'ombe na mbuzi huzila pamoja na majani.

Makanisa yangeweza kusaidia zaidi. Tarehe 4 Desemba 1963, siku nane kabla ya Kenya kupata uhuru, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati ya liturujia iliyofungua mlango kwa desturi za kila taifa. Padri Vincent Donovan, aliyefanya kazi miongoni mwa Wamaasai wa Loliondo, Tanzania, aliandika jinsi konzi ya majani mabichi, ishara ya amani kwa Wamaasai, ilivyopata nafasi katika misa. Misalaba ya ushanga nayo imekwisha zoeleka. Ila mageuzi haya yaliishia kanisani, na sebule ikaachiwa duka. Sijui kwa nini konzi ya majani isiwekwe kwenye hori la Krismasi nyumbani, hasa katika kaunti inayokumbuka vizuri misimu mitano mfululizo ya mvua iliyokosekana, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Majani ya kijani mwezi Desemba Kajiado yana uzito ambao pamba ya theluji haiwezi kuubeba. Ukame ule uliua ng'ombe wengi, na ng'ombe wakiisha hata cha kukandikia kinaadimika. Wanawake wengi walibaki na ushanga tu wa kuwaingizia senti.

Serikali na taasisi za utamaduni nazo zina deni. Mwaka 2018 Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, sherehe tatu za rika za wanaume wa Kimaasai, ziliingizwa katika orodha ya UNESCO ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka, na Olng'esherr ikafanyika milima ya Maparasha, Kajiado, Septemba 2020. Ni jambo la kujivunia. Lakini kazi ya nyumba, ya ukuta, kibuyu na mkufu, ambayo ni ya wanawake na hurudiwa kila mwaka bila wageni wa heshima, haijapata uangalizi kama huo. Wacheki waliipeleka UNESCO kazi ya shanga za Krismasi. Sisi tunaichukulia kama kazi ya kawaida ya akina mama.

Na kazi ipo. Wanawake wa Umaasaini hukunja waya mwembamba uwe na ncha tano, huujaza shanga nyekundu, nyeupe na buluu, hufunga kitanzi cha uzi, na nyota hiyo huuzwa katika Soko la Wamaasai jijini Nairobi au husafirishwa hadi miti ya Krismasi ya Ulaya na Marekani. Aliyepanga Kitengela, kilomita chache kutoka kwa mtengenezaji, hununua nyota ya kiwandani. Njia ya kurekebisha hili haihitaji mradi mkubwa. Likizo ndefu ya Novemba na Desemba huwaacha watoto nyumbani wiki nyingi, na mtaala wa umilisi umezipa kazi za mikono nafasi. Waya, shanga kidogo na mama mmoja wa soko anayelipwa kwa saa zake vinatosha, katika ukumbi wa kanisa au chumba cha darasa kisichotumika. Mtafiti naye akae hapo na daftari: aandike nani alimfungulia nani uzi na kumwambia aanze upya, ni rangi zipi ambazo mtoto wa Kisii alizichagua na mwalimu wake Mmaasai akazikataa, na walikubaliana vipi.