Kibali

Ofisini, kibali ni karatasi: cha ujenzi, cha kazi, chenye muhuri, ada na tarehe ya kwisha. Kanisani, mtu mwenye kibali ni yule anayejisikia amepokelewa na Mungu, na hakuna dirisha alilopangia foleni.

Neno limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu uliozaa pia kubali, kabuli na takabali. Hili la mwisho ndilo tamu. Biblia ya Muungano, iliyotoka nzima mwaka 1952, inalitumia katika Mwanzo 4: Mungu alimtakabali Habili na sadaka yake, Kaini hakumtakabali. Msomaji wa pwani hahitaji kamusi. Mwislamu naye huomba dua yake itakabaliwe. Zingatia, anatajwa mtoaji kwanza, kisha sadaka.

Siku hizi kwenye mikesha kibali huombewa ajira, visa, hata mchumba. Si kosa, ingawa maana inasogea kuelekea ofisini tena. Walutheri, wakimfuata Martin Luther, husisitiza mpangilio kama ule wa mtoaji kabla ya sadaka: mwenye dhambi hupokelewa kwa neema kupitia imani, na matendo mema hufuata baadaye.