Miadi ya Jando na Tezo la Mchongaji

Lisekese, ambayo leo ni miongoni mwa kata za mji wa Masasi, imo katika tambarare ya majabali, na barabara itokayo huko kuelekea kusini-mashariki hupanda hatimaye uwanda wa Makonde mpaka Newala, penye genge refu liangukialo bonde la Ruvuma. Katika nchi hiyo, wanamokaa Wamakonde, Wamakua na Wayao, mwaka wa mkulima wa zamani ulikuwa na nusu mbili zisizofanana: nusu ya mvua, iliyoanza yapata mwezi wa Desemba na kudai kila nguvu ya mwili, na nusu ya kiangazi, ambayo mavuno yakisha kuingia ghalani ilimwachia mwanamume saa nyingi ambazo hakuna aliyemwuliza amezitumiaje. Nasema mwanamume kwa makusudi, kwa sababu uwanda wa Makonde hauna mito juu yake, na mwanamke wa huko, kiangazi kilipozidi kukauka, alizidi kushuka magenge kutafuta maji mabondeni na kupanda tena na mtungi kichwani, hata faragha iliyomjia mumewe yeye aliisikia tu.

Katika saa hizo za kiangazi ndimo ulimokua ufundi wa kuchonga. Mchongaji wa Makonde alikuwa kwanza mkulima, kisha mwindaji au mtega samaki, na mwisho ndipo alipokuwa fundi wa tezo na kisu, wala ufundi huo haukumpa riziki ya kutegemea. Alichonga vitana, bakora, vikebe vya tumbaku na vya dawa vyenye vifuniko vya vichwa vya watu, na ndonya zilizopamba mdomo wa juu wa wanawake. Yamkini vitu vidogo vya namna hii vilianzwa vingi kuliko vilivyokamilishwa, maana kitana hakina siku yake: kikimalizwa leo ni heri, na kikilala darini mpaka mwakani hakuna atakayeghadhibika isipokuwa aliyeahidiwa. Wanaoudhika nafsini mwao siku hizi kwa kazi za kujifurahisha walizozianza kwa shauku na kuziacha nusu wangepata wenzao wengi katika uwanda ule, na nadhani wasingelaumiwa sana.

Lakini ilikuwapo kazi moja ambayo haikulala darini. Jando lilipofika, na wavulana wakapelekwa kambini kutahiriwa na kufundishwa, kijiji kizima kilijua kwamba siku ya kutoka kwao itakuwa siku ya midimu, yaani wachezaji wenye vinyago usoni, ambao kwa wanawake na watoto walikuwa mizuka iliyorudi kutoka kwa wafu na ambao kwa waliokwisha kupita jandoni walikuwa jirani zao wenye miguu inayojulikana. Vinyago hivyo vilichongwa kwa mti mwepesi, kwa kuwa mchezaji hawezi kurukaruka na gogo zito usoni. Chale za uso zilichorwa kwa nta ya nyuki iliyobandikwa juu ya mti, na mara nyingi nywele za binadamu zilipandwa kichwani. Na pamoja na vinyago vya uso vilikuwapo vya kiwiliwili, vyenye matiti na tumbo la mwanamke mwenye mimba, ambavyo mwanamume alivifunga kifuani akacheza uchungu wa uzazi mbele ya wale waliokuwa wakiujua kuliko yeye. Kazi hii yote ilifanywa kwa siri, mbali na macho ya wanawake na ya wasiotahiriwa.

Tazama basi jinsi mambo yalivyompangia fundi huyu. Siku ilikuwa imekwisha kuwekwa, wala hakuiweka yeye. Siri ilimkataza kuionyesha kazi kabla haijatimia, hata asiweze kupata nusu ya sifa kwa kinyago cha nusu. Na mtu aliyewahi kuanza jambo kwa hiari yake anajua kwamba sifa ya mapema ni adui mpole wa kazi, kwa kuwa hulipa ujira kabla ya jioni. Wale wachache waliokuwa na ruhusa ya kumtazama akifanya kazi walikuwa wazee na mafundi wenziwe, ambao hawakushangilia upesi. Tena kinyago kilikuwa na mchezaji wake aliyekingoja, na mchezaji alikuwa na ngoma, na ngoma ilikuwa na wavulana ambao wasingeweza kurudi nyumbani kwa heshima iwapo sherehe yao ingepunguka. Shauku ya mchongaji ilipopoa, kama ipoavyo shauku yote katikati ya kazi ndefu, mahali pake palishikwa na mkusanyiko huu wa watu waliomhitaji. Sidhani kwamba mafundi wa uwanda wa Makonde walikuwa na subira kuliko sisi. Nadhani walikuwa na miadi.

Mwaka wa 1906, vita vya Maji Maji vikiwa havijapoa katika nchi za kusini, alifika huko Mjerumani mmoja mwenye elimu ya makabila, Karl Weule wa Leipzig, akapita Masasi, Newala na Mahuta akinunua vyombo, akipiga picha na kunasa nyimbo kwa santuri, na alipochapisha kitabu chake mwaka wa 1908 vinyago vya Wamakonde vilikuwa vimekwisha kuingia katika makumbusho ya Ulaya. Huko vinatazamwa mpaka leo kama sanaa iliyotimia, na hapana shaka imetimia. Ila mtazamaji asiyejua habari za jando hawezi kudhani kwamba kitu kile kilikamilishwa kwa kuwa Ijumaa fulani au mwandamo fulani wa mwezi ulikuwa ukikaribia.

Isidhaniwe kwamba kila kisichofika mwisho wake katika nchi hii kilikuwa hasara. Mji wenyewe wa Masasi wa leo una asili katika safari iliyokatika njiani: mwaka wa 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Vyuo Vikuu alitoka pwani na watu waliokombolewa utumwani, muradi wake ukiwa kuwarudisha kuelekea nchi za Ziwa Nyasa, nao walipofika chini ya majabali ya Masasi wakaipenda nchi wakakataa kuendelea. Azma ilivunjika na makao yakapatikana. Kinyume chake ni mpango wa karanga, ambao serikali ya Uingereza iliuanza mwaka wa 1947 katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, kaskazini ya Masasi, kwa mitambo, kwa haraka na kwa fedha zisizo kifani, ukaachwa mwaka wa 1951 baada ya kuteketeza pauni zipatazo milioni 36. Na reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwenda Nachingwea kwa ajili ya karanga zile ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mpango ule ulikuwa na tarehe nyingi, lakini zote zilitoka London, na ardhi ya Nachingwea haikuwa imeulizwa.

Katika miaka ile ile mchongaji naye alikuwa akihamishwa kutoka miadi moja hadi nyingine. Wamakonde wengi, na hasa wa ng'ambo ya Ruvuma waliokimbia kazi ya shokoa ya Wareno, walikuja Tanganyika kuajiriwa katika mashamba ya mkonge, nao walichonga jioni na siku za mapumziko. Wanunuzi walitaka mpingo, mti mgumu wenye kiini cheusi ambao huchosha tezo, na ambao baada ya patasi na tupa hudai msasa wa muda mrefu kabla haujang'aa. Dar es Salaam, mfanyabiashara Mohamed Peera alinunua kazi za mafundi na kuwatia moyo wathubutu mambo mapya; hapo Samaki Likankoa akapata jina kwa vinyago vya mashetani, na Roberto Yakobo Sangwani kwa nguzo za watu waliobebana zilizokuja kuitwa ujamaa. Mnunuzi alishika nafasi ya jando. Kwa ajili yake vinyago vingi vilimalizwa, na lazima tukiri kwamba pasipo yeye pengine sanaa hii ingalikufa. Lakini mnunuzi huja kila siku, na kitu kinachongojwa kila siku huchongwa upesi, hata vibanda vikajaa sura zilizofanana kama ndugu mapacha.

Aliyejiepusha na mfanano huo alitoka kusini pia. George Lilanga, aliyezaliwa mwaka wa 1934 kwa wazazi Wamakonde, alijifunza kuchonga nyumbani, akafanya kazi ya mkonge, kisha katika miaka ya 1970 akaenda Dar es Salaam, ambako mjomba wake Augustino Malaba, aliyekuwa msanii wa Nyumba ya Sanaa, alimsaidia kupata kazi ya ulinzi mahali hapo. Baadaye aliondolewa langoni akapewa nafasi ya kufanya kazi pamoja na wasanii, na mwaka wa 1978 kazi zake zikaonyeshwa Washington. Mlinzi asiye na mnunuzi, aliyezungukwa na watu wanaofanya kazi na wanaojua kazi, alikuwa amerudia hali ya fundi wa jando kuliko alivyoweza kujua yeyote aliyempa rungu la ulinzi.

Huko Masasi na Newala kalenda imegeuka. Mikorosho imeinyang'anya sehemu ya kiangazi, maana hupuliziwa dawa yapata Juni na Julai na kuokotwa kuanzia Septemba au Oktoba, na shule imechukua wavulana kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kwa hiyo jando, ambalo zamani lilifuata ghala, sasa mara nyingi hufuata likizo za Juni na Desemba. Fundi atakaye kinyago chake kiwahi ngoma hana budi kuuliza shule zinafungwa lini, kisha ahesabu nyuma.