Mbaraki na Maji ya Bonde la Athi

Mbaraki ni mtaa wa kusini-magharibi mwa kisiwa cha Mombasa, unaojulikana kwa gati lake na mnara wa kale wa mawe ya matumbawe. Kisiwa hiki hakina mto. Wakazi wa zamani walitegemea visima na mvua. Visima vingali vipo, ila vingi maji yake ni ya chumvi, na kadiri yanavyochotwa ndivyo bahari inavyopenya chini kwa chini. Maji ya mfereji hutoka mbali: Marere na Tiwi katika Kaunti ya Kwale, chemchemi za Mzima katika Tsavo Magharibi, zilizounganishwa na mji kwa bomba la takriban kilomita 220 katika miaka ya 1950, na Baricho, Kilifi, ambako visima vimechimbwa kwenye mchanga wa mto Sabaki. Mzima humwaga maji yake katika mto Tsavo. Tsavo hukutana na Athi kuwa Galana, na Galana ukikaribia Malindi huitwa Sabaki. Kwa hiyo Mzima na Baricho, tegemeo kuu la mji, ni bonde moja, na mkazi wa Mbaraki ni mtu wa bonde la Athi hata kama hajawahi kuuona mto huo.

Hapo ndipo mabadiliko ya tabianchi yanapouma. Tangu mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha katika sehemu kubwa ya Kenya. Kisha mwishoni mwa 2023 yakaja mafuriko. Wanasayansi wa World Weather Attribution walionyesha kuwa joto lililoongezeka, kwa kukausha udongo na mimea, ndilo lililozidisha ukali wa ukame ule. Mzima hulishwa na mvua ya vilima vya Chyulu, inayozama katika mawe ya volkano na kusafiri chini ya ardhi makumi ya kilomita. Msitu wa Chyulu ukichomwa au kukatwa, hasara haionekani mara moja, na kuchelewa huko ndiko hatari yenyewe. Baricho nayo hupokea tope na uchafu wa miji ya juu, Nairobi ikiwemo.

Wapo wasemao kwamba tatizo halisi ni mabomba yanayovuja na maji yanayoibwa. Ni kweli, na mabomba yazibwe. Lakini bomba zima haliongezi tone kwenye chemchemi iliyopungua. Wengine hutaja bwawa la Mwache, Kwale, au kusafisha maji ya bahari. Mwache ni mto mdogo wa msimu, nao una mvua zile zile za kusubiri na mchanga wa kulijaza bwawa. Kusafisha maji ya bahari hula umeme mwingi, na gharama yake humwangukia anayenunua dumu la lita 20 kwa muuza maji wa mkokoteni. Njia hizo zisaidie, zisichukue nafasi ya bonde. Sheria ya Maji ya 2016 iliweka kamati za mabonde, na ndani ya bonde hili Taita-Taveta, kaunti yenye chemchemi za Mzima, imekuwa ikidai sehemu ya mapato yake huku vijiji vyake vikikosa maji. Dai hilo ni la haki. Sehemu ya kila bili inayolipwa Mombasa ingepaswa kurudi bondeni: kwanza kuvipatia vijiji hivyo maji, kisha kuulinda msitu wa Chyulu.